Mwanangu Muislamu, skuli ya Kikristo, na wiki ya tamaduni na wema: nimpeleke au nimbakishe nyumbani?

*"Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Unguja. Mwanangu wa kati ana miaka minane, yuko darasa la tatu kwenye skuli moja ya kimataifa inayoendeshwa na Wakristo. Tulimpeleka kwa ajili ya Kiingereza na kwa sababu madarasa yao hayajajaa. Jioni anakwenda chuoni kusoma Kurani kama wenzake wa mtaani. Darasani mwake kuna watoto wa Korea, Finland, Afrika Kusini, India, na wengine wa bara. Sasa skuli inaandaa Wiki ya Tamaduni na Wema. Barua imetutaka tumvishe mtoto vazi la 'kwao', tulete chakula cha 'kwao', na kila siku mtoto afanye jambo moja la wema kisha aliandike. Baba yake ni mtu wa Wete, Pemba, mimi bibi yangu ni Mngazija, mtu wa Komoro. Sijui hata hicho 'kwao' niandike wapi. Mama mkwe anasema huo ndio mtego wenyewe, watoto wanaanzwa kwa keki na nyimbo, mwisho wanabatizwa. Mwanangu naye kaniuliza: 'Mama, mwalimu kasema wema ni kumfuata Yesu. Sisi wema wetu tunamfuata nani?' Nilishindwa kumjibu. Juu ya hayo, wiki iliyopita mwalimu alinipigia simu. Mtoto mmoja wa Mwanza alikuja na michembe kwenye kopo lake la chakula, na mwanangu akasema mbele ya wenzake kuwa ni chakula cha machogo. Darasa zima likacheka. Yule mtoto akafunika kopo lake, hakula tena. Neno lenyewe, la kuwadharau watu wa bara, nasema kweli, analisikia kwetu. Nimefedheheka. Je, nimbakishe nyumbani wiki hiyo? Nimhamishe kabisa? Au nawaza kupita kiasi?"*

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Huwazi kupita kiasi. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, nami nitaanza na lile ulilolitia mwishoni, la michembe. Mengine yote yanahusu kile ambacho skuli huenda ikamfanyia mwanao. Hilo linahusu kile ambacho mwanao amekwisha kumfanyia mtoto wa mwenzio, nalo liko mikononi mwako leo, kabla hiyo wiki yenyewe haijaanza.

Wazazi wengi wanaonijia huamini kwamba watoto hawaoni tofauti za watu mpaka mkubwa awafundishe. Sivyo. Mtoto mchanga wa miezi michache tu, macho yake hukaa zaidi kwenye sura zinazofanana na za nyumbani kwao. Akifika miaka mitatu, minne, anapanga watu mafungu: wanaosema kama sisi na wasiosema kama sisi, weupe na weusi, wanaovaa hivi na wanaovaa vile. Tafiti nyingi zilizofuatilia watoto zinaonyesha kuwa kupendelea fungu lako hupanda hadi kwenye miaka mitano, sita, saba. Baada ya hapo, kwa watoto wengi, huanza kulegea, kwa sababu akili imekua kiasi cha kushika mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu anaweza kuwa tofauti nami kwa hili na sawa nami kwa lile.

Kupanga mafungu, basi, ni maumbile. Kuyapa mafungu bei, hili la kuheshimiwa na hili la kuchekwa, ndiko anakojifunza, tena bila mtu kumkalisha chini na kumsomesha. Anasikia mjomba anavyolitamka neno. Anaona nani anacheka, na nani anayenyamaza ilhali angeweza kukemea. Siku akitaka kuchekesha darasa, analitoa lile lililochekesha barazani kwao. Mwanao hakuwa na chuki na yule mtoto. Pengine hata hakumfikiria. Alitaka kicheko, akakipata. Ndiyo maana sikushauri umuite mtoto mbaya, wala umguse kwa bakora. Bakora itamfundisha kuwa kosa lake lilikuwa kukamatwa.

Mkalishe peke yake, mueleze kilichotokea kama kilivyotokea: ulisema neno, watu wakacheka, mwenzio akafunika kopo, akashinda na njaa. Kisha muulize huyo mwenzake alikula nini tena siku ile, na nani alikaa naye. Usimjibie. Mwache atafute jibu, na akisema hajui, mwambie hilo ndilo jibu. Baada ya hapo sema lililo zito zaidi kwako: "Neno lile tumelisema na sisi humu ndani. Halisemwi tena." Lazima litoke kwa mkubwa, na baba yake alisikie na kulirudia, na wajomba waambiwe. Bila ya hivyo mtoto ataelewa kuwa ni kanuni ya mbele ya walimu tu.

Mueleze pia michembe ni nini, maana watoto hucheka zaidi wasichokijua. Ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu kabisa. Kule Usukumani ni akiba ya nyumba kwa miezi ambayo shamba halina kitu. Huliwa vikavu, au huchemshwa, na wengine huvitia karanga. Babu zake wa Wete wamekuwa wakimwanika papa kwa sababu ile ile, na papa ng'onda ukilifungua kopo lake ndani ya darasa la wageni, nako watu watashika pua. Mtoto wa miaka minane anaweza kulifahamu hilo vizuri sana, hasa ukimuuliza angejisikiaje siku hiyo.

Halafu aende kwa mwenzake. Sio mbele ya darasa. Msamaha wa kulazimishwa mbele ya watu unamfanya yule mtoto wa Mwanza atazamwe mara ya pili kwa jambo ambalo angependa lisahaulike. Pembeni, wawili tu, maneno machache: "Nilikicheka chakula chako. Nilikosea. Siku ukija nacho tena, naomba nionje." Hilo ombi la kuonja nalipenda kwa sababu moja: linamweka yule aliyedhalilishwa kwenye nafasi ya kutoa. Akikataa, ni haki yake, na mwanao asimsumbue. Wewe nawe mpigie simu mama yake: "Mama, mimi ni mama yake fulani wa darasa la tatu. Mwanangu alimvunjia heshima mwanao kwa chakula chake. Sikupigii kujitetea, nakupigia kukuomba radhi, na nyumbani tumeshalizungumza." Mama wa bara anayeishi hapa Unguja amelisikia neno lile mara nyingi sokoni na kwenye daladala. Huenda wewe ukawa mtu wa kwanza kumpigia simu kwa sababu yake.

Sasa tuje kwenye wiki yenyewe. Hapa nina jambo la kuwaambia walimu pia, kwa sababu skuli nyingi zinaamini kwamba ukipanga meza za vyakula, ukatundika bendera na watoto wakavaa nguo za kwao, watapendana. Haiendi hivyo.

Mwaka 1954 mtafiti mmoja, Muzafer Sherif, aliwakusanya wavulana 22 wa umri wa miaka kama kumi na moja kwenye kambi ya msituni huko Oklahoma, Marekani. Wote walikuwa rangi moja, dini moja, maisha ya aina moja, na hawakuwa wakijuana kabla. Akawagawa makundi mawili, kisha akayashindanisha kwa michezo na zawadi. Baada ya siku chache tu walikuwa wanatukanana, wanavamiana vyumba usiku, na bendera ya wenzao wanaichoma moto. Haikuhitajika tofauti ya kabila wala ya dini. Ilitosha kuwepo "sisi" na "wao" na kitu cha kugombania. (Utafiti wa namna ile kwa watoto leo usingeruhusiwa, na ni vizuri.) Lakini linalotuhusu ni kilichofuata. Sherif alijaribu kuwapatanisha kwa kuwaleta pamoja: wakae chumba kimoja cha chakula, watazame sinema pamoja. Wakarushiana vyakula. Kilichowapatanisha ni pale maji ya kambi yalipokatika na ikabidi wote watafute tatizo liko wapi kwenye bomba, na pale lori la chakula lilipogoma na ikabidi wote wavute kamba moja. Mwisho wa kambi wengi wao walitaka kurudi kwao kwenye basi moja.

Mwaka huo huo wa 1954, mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika masharti ambayo bila ya hayo watu wa makundi tofauti wanaweza kukaa pamoja miaka na wasisogeleane: wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana na sio kushindana, na wakubwa wenye mamlaka waonekane wazi kuwa wanaliunga mkono jambo hilo. Miaka mingi ya utafiti baada yake imeyapa nguvu mawazo hayo.

Mfano wa darasani ni wa Austin, Texas, mwaka 1971. Skuli zilikuwa zimechanganywa karibuni, weupe, weusi na watoto wa Kimexico, na darasani kulikuwa hakukaliki. Elliot Aronson na wenzake hawakuandaa sherehe. Walibadilisha namna ya kusomesha. Waliwagawa watoto makundi madogo yaliyochanganyika, somo likakatwa vipande, kila mtoto akapewa kipande chake peke yake akakisome na aje kuwafundisha wenzake. Mtihani ulihusu somo zima. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akichekwa kwa Kiingereza chake, sasa ndiye aliyeshika kipande ambacho bila yeye hakuna anayefaulu. Wenzake wakajifunza kumsubiri na kumuuliza vizuri. Walipopimwa baadaye, chuki kati yao ilikuwa imepungua na wanapendana zaidi.

Somo la karafuu hapo skuli linaweza kufanywa hivyo hivyo kesho asubuhi, bila gharama. Mmoja asome namna zinavyochumwa, mmoja kuanika, mmoja kwa nini nyingi zinatoka Pemba, mmoja zinakwenda nchi gani na kufanywa nini. Mtie mtoto wa Korea, wa Mwanza, wa Wete na wa Finland kundi moja.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama skuli ya mwanao inazithamini tamaduni za watu, usiangalie sana Ijumaa ya maonyesho. Angalia Jumanne ya kawaida. Muulize mwalimu watoto wanakaaje darasani, nani hukaa peke yake wakati wa mapumziko, kama kuna kazi ambayo watoto wanategemeana kweli, na anafanya nini mtoto akichekwa kwa jina lake, lafudhi yake au chakula chake. Hilo la mwisho ndilo ninalolipima zaidi. Na kwa haki, mwalimu wa mwanao ameshakujibu: aliona, akachukua simu akakupigia, akakwambia ukweli juu ya mwanao. Walimu wengi wangeliacha lipite kwa kuogopa mzazi.

Sherehe siidharau. Kalenda ya dunia ina 21 Mei, siku ya Umoja wa Mataifa ya tamaduni mbalimbali, na 13 Novemba, siku ya wema. Skuli yenu imeyaunganisha mawili hayo na sioni ubaya. Kuna faida moja kubwa ambayo sherehe inaitoa na somo la karafuu haliwezi kuitoa: mtoto anamuona mama yake akiheshimiwa na watu wazima wa skuli yake. Mtoto anayesoma kwa lugha ya watu, kwa vitabu vya watu, anaihitaji siku hiyo. Nakushauri usimnyime.

Kuhusu "kwao", usihangaike. Barua zimezoea kudhani kila mtoto ana nchi moja, nguo moja na sahani moja. Mwanao ni wa Wete kwa baba, ana Ngazija ndani yake kwa upande wako, ni Mzanzibari na ni Mtanzania, na hakuna hata kimoja kinachokifuta kingine. Andika "nyumbani kwetu, Unguja", upike mnachokula Ijumaa. Kama ni mkate wa kumimina, mwache mtoto mwenyewe akae kwenye mbuzi akune nazi usiku wa kuamkia siku hiyo, ili atakaposimama mbele ya wenzake aeleze jambo analolifanya kwa mikono yake. Mtoto akifanywa balozi wa taifa zima hukariri tu. Akieleza nyumbani kwao, anasema kweli, na wenzake humuuliza maswali.

Na hapa ningependa umkaribishe mama mkwe wako. Kama yeye au yeyote katika familia anashona kofia za viua, muombe mwalimu ampe nusu saa. Sio kuonyesha kofia iliyokwisha, hapana. Akae na kofia iliyoko mkononi, watoto wamzunguke, waone namna uzi unavyozungushwa kwenye kila kitundu, kimoja kimoja, na kwamba kofia moja inaweza kuchukua wiki nyingi. Awape sindano wajaribu. Mtoto aliyechomwa na sindano ile mara moja hatoichukulia kofia kuwa nguo ya maonyesho tena. Mama mkwe naye ataiona skuli kwa macho yake, atauliza anayotaka kuuliza, na hofu yake atakuwa nayo mbele ya watu wanaoweza kumjibu.

Chakula cha wengine: muulize mwalimu mapema kama kila sahani itaandikwa viungo vyake. Hilo sio ombi la Waislamu peke yao, kwa hiyo usilione ni usumbufu. Wasabato nao hawali nguruwe, Waorthodoksi wa Ethiopia vilevile, Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe au nyama kabisa, na kuna watoto ambao karanga zinaweza kuwadhuru vibaya. Jelatini kwenye peremende na pombe kwenye baadhi ya keki ndivyo husahaulika. Mfundishe mwanao kusema "ahsante, hiki sili" bila ya kukunja uso. Akikunja uso kwa kimchi ya mwenzake, ile kabichi chachu ya Kikorea, tumerudi kwenye michembe.

Tuje kwenye swali la mwanao, ambalo kwa kweli ni swali zuri kuliko yetu sote. Mwalimu wa skuli ya Kikristo akisema wema ni kumfuata Yesu, anasema anachokiamini, na ninapendelea skuli inayosema wazi kuliko inayojificha. Mwanao hakuelewa vibaya. Alisikia kwamba wema una mwenyewe, akataka kujua kama na yeye ana sehemu. Mjibu kwa utulivu kwamba anayo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema tabasamu lako mbele ya ndugu yako ni sadaka. Na katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na aya mbili baadaye akatueleza kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Sura hiyo huenda akaisoma chuoni miaka ijayo. Mtangulizie maana yake sasa, kwa sababu inamhusu yeye na kopo lile.

Mwambie pia kwamba Wakristo wana kisa cha Msamaria kwenye Injili ya Luka: mtu kapigwa na majambazi, watu wa dini wakampita njiani, akaja kumsaidia mtu wa kabila lililokuwa likidharauliwa. Kujua wenzake wanaamini nini hakumtoi yeye kwenye anachokiamini. Akiulizwa darasani atasema, "Nyinyi mnajifunza kwa Yesu, na sisi kwa dini yetu tumeamrishwa hivyo hivyo," na hapo atakuwa amesema kweli bila kumkosea mtu. Mambo ya ndani zaidi ya dini mpelekee ustadhi wake wa chuoni, sio mimi.

Je, kuandika jambo moja la wema kila siku kuna maana yoyote? Kuna, kwa kiasi. Huko Vancouver, Canada, utafiti uliotoka mwaka 2012 uliwagawa watoto wa miaka tisa hadi kumi na moja: wengine wafanye mambo matatu ya wema kila wiki kwa wiki nne, wengine watembelee sehemu tatu kila wiki. Wote walizidi kuwa na furaha. Waliofanya wema, juu ya furaha hiyo, walikubalika zaidi kwa wenzao darasani. Wema ni mazoea, na mazoea yanataka kurudiwa. Ila wema wa kuandikwa una hatari yake: watoto huchagua wa rahisi, wa kumpa rafiki yao kalamu. Msaidie mwanao achague mtu ambaye hachezi naye. Na asimfanyie yule wa Mwanza wema wa kuandika kwenye daftari. Yule anamdai haki, na haki haiandikwi kama sadaka.

Sasa hofu ya mama mkwe. Usiicheke, ina mizizi. Wamishonari wa Kiingereza walipoanza kazi yao hapa Unguja miaka ya 1860, wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hawakuwa na mzazi wa kuwasemea, wakalelewa na misheni, wakakua katika dini ya waliowalea. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na ndiyo inayokutofautisha wewe. Kinachojenga imani ya mtoto ni anayemlea, anayeswali mbele yake, anayemjibu maswali yake usiku. Wiki moja ya vyakula na nyimbo haiwezi kuyang'oa hayo. Lakini nisikudanganye: miaka sita, saba ya ibada kila asubuhi, kama nyumbani hakuna anayezungumza naye juu ya dini, si kitu kidogo. Mwenye swali kama lile la mwanao, mama akashindwa kumjibu, atalipeleka kwa atakayemjibu.

Kwa hiyo swali lako la kumhamisha halijibiwi na wiki hii. Linajibiwa na mazungumzo kati yako, baba yake na uongozi wa skuli. Waulize wazi: ibada ya asubuhi ni ya lazima kwa mtoto asiye Mkristo, au anaweza kukaa maktaba? Mtoto akifunga Ramadhani, hata nusu siku kama wanavyoanza watoto wetu, atakaa wapi wakati wa chakula? Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Skuli makini ingeitumia nafasi hiyo watoto wakaelezana wanafunga vipi na kwa nini. Waulize kama waliitumia. Mna haki ya kuuliza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unatambua kwenye ibara ya 14 jukumu la wazazi kumuongoza mtoto katika mambo ya dini, na ibara ya 29 inasema elimu imkuze mtoto aheshimu wazazi wake, lugha na utamaduni wake, pamoja na tamaduni zisizo zake.

Wakikujibu wazi, hata kama jibu lao ni kwamba ibada ni ya wote, mtakuwa mnaamua mkijua. Baadhi ya familia hulikubali hilo na kuzidisha bidii nyumbani. Nyingine huliona ni zito, zikahamisha, na uamuzi huo pia ni wa heshima. Ningekushauri uhame bila kusita kama utakuta mambo yanafanywa kwa kificho, mtoto anaambiwa asiseme nyumbani, au dini ya wazazi wake inasemwa vibaya mbele yake. Hapo Kiingereza chao hakifidii. Kwa ulichoniandikia, sijaona hata kimoja cha hivyo. Mpeleke wiki hiyo.

Mwisho, kuna hali ambazo barua kama hii haitoshi. Mtoto yeyote, wako au yule wa Mwanza, akianza kukataa skuli, kuumwa tumbo kila asubuhi na Ijumaa jioni kupona, kukojoa kitandani wakati alishaacha, kurudi na chakula kizima, kusema anaichukia rangi yake au jina lake, au kujitenga kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kazungumze uso kwa uso: kwanza na mwalimu wa darasa, kisha mshauri nasaha wa skuli kama yupo. Isipotulia, muone daktari ili akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Kama kuna kupigwa, kutishwa au kuguswa vibaya, usisubiri wiki mbili: piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, au nenda kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo hospitalini. Na yule mama wa Mwanza ukizungumza naye, muulize mwanawe anakulaje sasa na analala vipi. Akikwambia bado anaficha kopo lake, mwende kwa mwalimu pamoja.